Ndiyo Moja Nyuma ya Dashibodi

Ukitaka kujua kama kazi hii inakufaa, lala chali chini ya meza ya jikoni, miguu nje, kichwa kikibanwa na mguu wa meza. Nyoosha mikono juu ya uso wako, kisha fungua na kufunga skrubu moja usiyoiona, kwa kupapasa tu, kwa muda wa nusu saa. Skrubu ikikudondokea jichoni, itafute uanze tena. Ukimaliza hujatukana mtu, njoo tuzungumze.

Nawaambia hivi kwa sababu wengi wenu mnaotaka ufundi wa ndege mmevutiwa na picha. Mmeona zile skrini zinazong'aa mbele ya rubani, ramani inatembea yenyewe, mkasema hii ndiyo kazi. Kazi ni kweli, lakini mbele ya skrini anakaa rubani. Fundi anakaa nyuma ya skrini, tochi kichwani na jasho shingoni, kwenye banda la bati, Texas, mwezi wa nane. Joto la mle ndani hata mjusi halivumilii.

Mimi ni Mwanaidi, mzaliwa wa Tabora, ingawa wengi wenu mnanifahamu kwa jina la Mama Fundi. Kwa miaka ishirini na tisa nimefungua na kufunga vyombo vya ndege hapa Dallas na Fort Worth: redio, dira, vipimo vya kasi na vya kimo, na nyaya zote zinazoviunganisha. Sasa nimestaafu. Nina bustani ya bamia nyuma ya nyumba, na magoti mawili yanayojua mvua kabla ya televisheni. Mmeniomba niandike niliyojifunza. Nitaandika bila mpangilio, maana hata kazi yenyewe haikunijia kwa mpangilio.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kimeksiko aitwaye Lupe. Nilipoingia karakana yangu ya kwanza nilikuwa nimezoea kutengeneza redio za betri kwenye kibanda cha mjomba wangu, nikajiona najua. Lupe akanipa uzi wa nta na fungu la nyaya mbovu, akanionyesha fundo moja, akaniambia nifunge. Wiki sita sikushika kitu kingine. Fundo likilegea alikata fungu zima, akaniachia uzi mpya mezani, akaenda zake kunywa kahawa. Nilimchukia sana yule mama. Miaka baadaye, nikifungua ndege niliyoifunga zamani na kukuta mafundo yangu yamekaa kama nilivyoyaacha, nilikuwa namwombea dua papo hapo.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu pia, kwa hiyo Lupe hakuwa mtu wa maswali. Mafundi wengine walikuwa wakiuliza, "Umekaza ile plagi?" ukijibu umekaza, yameisha. Lupe alikushika mkono, akaupeleka hadi kwenye plagi yenyewe, akasema, "Toca." Gusa. Ukigusa ikacheza, mmejua wote wawili. Kwa muda mrefu nilidhani anafanya hivyo kwa kukosa lugha. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshazeeka, na nitawaeleza ilikuwaje.

Kwanza niwachekeshe kidogo na kosa la lebo. Kila waya uwe na lebo ncha zote mbili, hilo lishikeni hata mkisahau mengine yote. Siku moja niliishiwa lebo za mashine, nikaona niandike kwa kalamu kwenye utepe, kwa Kiswahili, nimalize upesi: KULIA, KUSHOTO, JUU, CHINI. Kumbe nilikuwa nimelala chali, kichwa kimeelekea kwenye injini. Ukilala hivyo mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wa rubani, na juu yako ni mbele yake. Kesho yake fundi mwenzangu Mmarekani aliniita nimtafsirie. Nikakaa kwenye kiti cha rubani, nikasoma lebo zangu mwenyewe, nami sikuelewa hata moja. Tulipima waya mmoja mmoja kwa mita ya umeme siku nzima. Tangu hapo lebo yangu inasema waya unatoka wapi na unakwenda wapi, haisemi fundi amelalaje.

Mambo yamebadilika sana, nisiwafiche. Zamani kila kipimo kilikuwa na waya wake na uhai wake. Kikifa kinakufa peke yake na ndege inaendelea. Siku hizi waya mmoja mwembamba unabeba habari za injini, za dira, za kasi, vyote vinatokea kwenye kioo kimoja. Kazi imekuwa nyepesi kwa mikono na nzito kwa kichwa. Mkifunga skrini, fungeni na betri yake ya akiba. Mkiwasha umeme kwa mara ya kwanza, chomoeni breka zote, zile swichi za kukata umeme, kisha rudisheni moja moja, na pua iwe kazini kama macho. Harufu ya waya unaoungua hutangulia moshi kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kuzima.

Sasa Mzee Gitau.

Huku sheria inamruhusu mtu kujijengea ndege yake mwenyewe, hata kwenye gereji ya nyumbani, ikakaguliwa, ikapewa namba, akairusha. Mzee Gitau, Mkenya wa Plano aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, aliijenga yake kwa miaka kumi na mmoja. Ya viti viwili, mabawa chini. Kila ribiti, ile misumari ya kubana mabati, aliipiga yeye, na marehemu mkewe akashikilia chuma upande wa pili. Dada yake mkubwa, anayeishi Sugar Land kule Houston, alikuwa akija kuwatembelea anachungulia gereji na kuuliza, "Hilo jeneza litaisha lini?" Mzee akaapa kwamba iko siku atatua Sugar Land na jeneza hilohilo, na dada atakuja uwanjani kumpokea.

Ndege iliisha, akairusha miaka michache hapahapa jirani. Kabla hajafika Houston moyo ukamletea shida, daktari akamnyima kibali cha urubani. Ikawa kila Jumamosi anakwenda bandani kuifuta vumbi. Dada naye akazidi kuchakaa, magoti na macho, hatoki nyumbani ila kwa jambo kubwa. Aliyebaki wa kuipeleka ile ndege ni Wambui, binti pekee wa Mzee, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja kubwa pale Plano na ambaye alikuwa amepata leseni ya urubani. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulijua kwamba safari ile isipofanyika mwaka huo huenda isifanyike tena.

Tatizo lilikuwa dashibodi. Wambui alijifunza kwenye ndege za skrini. Vile vipimo vya duara vya baba yake, sita mbele na vingine pembeni, vilimchelewesha macho. Aliniambia, "Auntie, by the time nimemaliza kuvisoma vyote, I'm already somewhere else." Basi nikaombwa nivitoe na kuweka skrini. Nilikuwa nimeshastaafu, magoti yalikataa, mimi nikakubali.

Siku ya kwanza ya kuvunja Mzee alileta kiti chake cha kukunja, akakaa karibu na bawa kama mtu aliyekuja kuangalia upasuaji wa ndugu yake.

"Mama Fundi, hizo vitu nilizifunga na mikono yangu," akasema.

"Najua, Mzee wangu. Nami nazifungua kwa mikono yangu."

"Basi niachie moja. Ile ya speed. Hiyo skrini yenu ikizima, huyu mtoto atasoma nini?"

Lilikuwa ombi la akili, nikalikubali. Kipimo chake cha kasi, cha duara, sindano nyeupe, kikabaki pembeni ya skrini mbili mpya. Mzee akakifuta kioo kwa shati lake.

Kazi ilichukua wiki tano za Ijumaa na Jumamosi, maana Wambui alikuwa akija siku zake za mapumziko kufanya nami. Sikumfanya wa kunipokeza bisibisi. Nilimfundisha kubana vichwa vya nyaya, kufunga fundo la Lupe, kuunganisha mirija ya hewa, na mirija karibu nusu aliiunganisha yeye. Mkono wake ni mzuri na hana haraka. Alikuwa na orodha ya kazi ndefu kwenye ubao wa kushikia karatasi, kila kitu kikiisha anaweka alama ya vema.

Siku mbili nzima tulizipoteza kwenye dira ya umeme. Kifaa chenyewe tulikifunga mbali, kwenye bawa, ili chuma na nyaya zisikisumbue. Mimi nikasimama pale kwenye ncha ya bawa nakirekebisha, Wambui ndani anasoma skrini. Ikasoma kaskazini, ikasoma mashariki, ikarudi. Nikabadilisha skrubu, nikabadilisha waya. Nikienda kunywa maji inatulia, nikirudi inaanza tena. Siku ya pili Mzee akaniuliza, taratibu, "Hiyo bangili ni ya nini?" Ilikuwa bangili ya sumaku, ile wanayouziana akina mama kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba inashusha presha. Nikaivua, dira ikakaa. Miaka ishirini na tisa kazini, na sumaku mkononi. Presha yangu, kama mnataka kujua, haikushuka.

Hapo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ubavuni mwa ndege kuna tundu dogo sana. Linapokea hewa tulivu ya nje na kuipeleka, kwa mrija mwembamba wa plastiki, hadi nyuma ya dashibodi. Tunauita mrija wa statiki. Kipimo cha kimo na kipimo cha kasi vyote vinategemea hewa hiyo. Mrija huo ukichomoka kwa ndani, vipimo havizimi, na huo ndio ubaya wake. Vinaendelea kusoma, ila vinasoma hewa ya humo ndani walimo abiria. Hewa hiyo mara nyingi ni nyepesi kidogo, kwa hiyo vinamwambia rubani kwamba anakwenda kasi kuliko anavyokwenda kweli. Anapopunguza mwendo ili atue, anaweza kupunguza kupita kiasi. Ndege ikipungukiwa na mwendo karibu na ardhi huanguka, na hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Alhamisi fundi wa karakana yenye kibali alikuja na mashine yake, akapima mirija yote, haivuji, akatupa karatasi. Ijumaa nikiwa chini ya dashibodi nikaona fungu moja la nyaya linagusa fimbo ya usukani. Kidogo tu, lakini fimbo ikitembea mwaka mzima italikata. Ili nilisogeze fungu lile ilibidi nichomoe mrija wa statiki. Nikauchomoa, nikasogeza nyaya, nikafunga mafundo. Ilikuwa imefika saa ya adhuhuri. Nikaona nikaswali kwanza, nirudi niurudishe mrija, kisha tumwite yule fundi apime tena, kwa sababu mrija ukifunguliwa hata mara moja ile karatasi haina kazi.

Wambui alikuwa nje na ubao wake. Aliona miguu yangu tu. Akauliza, "Auntie, so hiyo static line hujarudisha?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Someni tena hapo. Mimi nimezaliwa Tabora. Kwetu mtu akikuuliza, "Hujala?" nawe hujala, unajibu ndiyo, yaani ni kama ulivyosema, sijala. Ndiyo yangu ilikuwa na maana kwamba bado. Wambui amezaliwa Texas. Kiswahili anakisema vizuri, kafunzwa na wazazi wake, lakini ndiyo yake ni ile ya Kiingereza. Kwake ndiyo inamaanisha imerudishwa. Akaweka alama ya vema.

Niliporudi kutoka kuswali nilikuta mfuniko wa dashibodi umeshafungwa, skrubu zote ndani. Nikatazama orodha. Penye mrija wa statiki pana vema, kwa mwandiko wake safi. Nikajisemea, ameurudisha yeye, mtoto hodari, mirija si anaijua. Hapo ndipo kosa lilipokuwa langu kabisa. Sikuuliza nani kaurudisha. Sikuuliza kama fundi wa vipimo ameitwa. Sikupeleka mkono. Nilikuwa nimechoka, nikafurahi kuona kazi imeisha, nikaenda nyumbani kupika.

Jumamosi asubuhi palikuwa peupe, upepo kidogo kutoka kusini. Wambui alitakiwa kuirusha peke yake kwanza, azunguke juu ya uwanja, atue. Mimi na Mzee tulikaa kwenye viti vya kukunja nje ya banda, redio ya mkononi katikati yetu. Aliruka vizuri. Mzee alikuwa akihema kwa sauti kila ndege ilipopinda.

Baada ya kama dakika kumi na tano redio ikasema, "Auntie, something weird. Nikifungua ile vent ya hewa, altitude inashuka ghafla. Nikiifunga, inapanda tena. But I'm level."

Sikuhitaji kufikiri. Kipimo cha kimo kinachobadilika kwa sababu mtu amefungua tundu la hewa kinapumua hewa ya ndani. Niliogopa, na sioni aibu kusema. Nilimwona akilini yule binti akishuka kuja kwetu na sindano inayomdanganya, na mikono iliyofungua ule mrija ilikuwa hii yangu iliyoshika redio.

Mzee akaninyang'anya redio. "Wambui, na speed yangu ya zamani inasema aje?"

"Same as the screen, Baba."

Mzee akashusha pumzi. "Basi hakuna shida. Ziko mbili na zinakubaliana."

"Zinakubaliana kwa sababu zinanyonya mrija mmoja, Mzee," nikamwambia. "Zote mbili zinadanganya." Akanirudishia redio.

Nikabonyeza. Nikasema polepole, kila neno, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinikimbia. "Wambui, nisikilize. Mrija wa statiki uko wazi nyuma ya dashibodi. Sikuurudisha. Kasi unayoiona ni kubwa kuliko kasi yako ya kweli. Usiiamini skrini wala kipimo cha Baba. Umenielewa? Rudia."

Akarudia, "Static iko wazi. Hukurudisha. Niko slow kuliko inavyosema."

"Sawasawa. Sasa tazama mwendo wa GPS, ule hautegemei hewa. Tua ukiukabili upepo, na GPS isishuke chini ya kasi yako ya kawaida ya kutua. Utakuja mbio kidogo. Njia ya kutua ni ndefu, itumie yote. Sema utakachofanya."

Akasema chote, moja baada ya jingine. Mimi na Mzee tukasimama. Alikuja juu kidogo, mbio kidogo, akapita alama za kwanza, akapita za pili, magurudumu yakagusa mbali kabisa, ndege ikaruka mara moja kama chura, ikatulia. Mzee akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye saruji.

Wambui alipozima injini na kufungua paa la kioo hakuna aliyekimbilia kumkumbatia. Tulitembea. Mzee ndiye aliyeanza, na alinigeukia mimi.

"Kwa hivyo ile mrija hukurudisha?"

Ndiyo ilifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza. "Sikuurudisha, Mzee. Niliuchomoa mimi, na sikuurudisha."

"But Auntie, nilikuuliza," Wambui akasema. "Nilikuuliza, ukasema ndiyo."

"Uliniuliza kama sijarudisha."

"Yeah. And you said ndiyo."

Mzee akainua mkono. "Ngojeni. Wewe ulimwuliza, hujarudisha. Yeye akasema ndiyo. Si hiyo ni kusema bado?"

"Ndivyo, Mzee."

"How, Baba? Yes ni yes."

Mzee akamgeukia bintiye. "Ulipokuwa college Denton," akasema, "nilikuwa nakupigia simu, nakuuliza, hujakula? Unasema ndiyo. Nikawa naendesha gari kutoka Plano nakuletea chakula."

"Nilikuwa nimekula, Baba. I thought unataka tu ku-drive."

Alicheka Mzee kwanza, kisha Wambui, kisha Wambui akalia akiwa bado anacheka, na hapo ndipo baba yake alipomkumbatia. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuchukua bisibisi.

Tulifungua mfuniko. Mrija ulikuwa pale unaning'inia. Nikamwita Wambui aingie, nikamshika mkono kama Lupe alivyonishika. Akaurudisha yeye, nikagusa mimi, akaja Mzee naye akajipinda na magoti yake akagusa. Yule fundi wa vipimo akarudi na mashine yake, akapima upya. Kabla sijaondoka Wambui aliniambia, bila kunitazama, "I'm mad at you, Auntie. Na mimi pia nimeji-mad. Niliweka tick kwa kitu sijagusa." Nikamwambia ana haki yote. Kwa siku kadhaa hakunipigia simu, nami sikulala vizuri.

Aliponipigia ilikuwa kunipa sheria. Katika ndege hii, alisema, hakuna kujibu ndiyo wala hapana. Anayeulizwa anataja kitu na anasema kiko vipi: mrija umerudishwa, mrija haujarudishwa. Na anayeweka vema awe amepeleka mkono. Sijawahi kupewa sheria nzuri kuliko hiyo, na niliyepaswa kuitunga ni mimi, miaka mingi kabla. Nyinyi mtakaofanya kazi na watu wa Kisangani, wa Nakuru, wa Monterrey na wa Fort Worth kwenye banda moja, ichukueni. Kila mmoja atakuwa na ndiyo yake ya nyumbani.

Wiki mbili baadaye tulikusanyika tena asubuhi. Dada yake Mzee alikuwa ameshapiga simu mara tatu kutoka Sugar Land. Amevaa, ameshapelekwa uwanjani, anauliza jeneza limefika wapi. Mzee alipanda kwenye kiti cha kulia, cha abiria, kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu aipige ribiti ya kwanza. Akafunga mkanda. Mimi nilisimama kwenye bawa, nimejiinamisha, tukapitia orodha. Wambui alitaja kila kitu kwa sentensi nzima, na kila nilichoweza kukifikia nilikigusa. Mzee alikuwa akikitazama tu kile kipimo chake cha duara, sindano imelala kwenye sifuri.

Wambui akaweka kidole kwenye swichi ya kuwashia. Akamtazama baba yake.

"Baba, huogopi?"

"Ndiyo," akasema Mzee.

Wambui akaondoa kidole. Akakunja mikono mapajani, akangoja. Mzee akanitazama mimi nimsaidie, nami nikajifanya naangalia bawa.

"Ndiyo nini, Baba?"

Mzee akakaza mkanda ambao ulikuwa umeshakazwa.

"Naogopa," akasema. "Washa."

Akawasha.